Kumtafuta Mama Ndani ya Ngome

20 Julai 1410, Jumapili

Naandika nikiwa nimekaa juu ya gunia la shayiri, ghalani, katika ngome ya nje ya Marienburg. Marehemu baba alikuwa karani wa baraza la mji. Ndiye aliyenifundisha herufi, na karatasi hizi zilikuwa zake. Juzi nilikuwa na nyumba. Leo nina karatasi, sufuria, mablanketi mawili na binti yangu Agnit.

Jumanne iliyopita jeshi letu lilipigwa vibaya na mfalme wa Poland na wenzake wa Lithuania. Mkuu wa Shirika la watawa wapiganaji wanaotutawala ameuawa. Wale mabruda wapiganaji waliotoka hapa kwa kuimba, majoho meupe, misalaba myeusi kifuani, karibu wote wamebaki uwanjani. Kamanda mmoja ambaye hakuwako vitani alikuja mbio na askari wake kuishika ngome, na jambo la kwanza aliloamuru ni kuchoma mji wetu, ili adui akija asikute kuta za kujificha wala vitanda vya kulalia.

Jana tulipewa muda mpaka adhuhuri. Mimi nilitangulia na Agnit na mizigo. Mume wangu, Merten, alibaki amlete mama. Mama miguu imemwishia na masikio ni mazito. Ngazi hashuki bila kubebwa.

"Nenda zako," Merten aliniambia. "Mama mkwe mwepesi kama kuku. Nitambeba mgongoni."

Moshi ulipanda mapema kuliko tulivyoambiwa. Merten alifika jioni, peke yake, nyusi zimeungua.

"Mama yuko wapi?"

"Nimempakia kwenye mkokoteni wa wagonjwa. Umeingilia lango la kaskazini. Mimi walinikamata nikawashe moto, ningefanyaje? Yuko humu ndani, Alheit. Usihangaike. Ngome ni kubwa hii."

Hilo la ukubwa ni kweli. Wachuuzi waliotembea dunia wanasema hawajaona nyingine inayoifikia. Ni ngome tatu, moja ndani ya nyingine, kila moja na ukuta wake, handaki lake na lango lake. Babu yangu alichoma matofali yake kwa udongo wa mto Nogat mpaka mgongo ukapinda, na baba yake kabla yake. Mtu anaweza kukaa humu mwezi mzima usimwone.

21 Julai

Nimeomba ruhusa ya kuingia ngome ya kati. Anayelinda daraja ni Bruda Wipert, mzee mwenye mguu mbovu, ndiyo maana hakwenda vitani.

"Watu wa mjini wakae nje," akasema.

"Ni mama yangu, bruda. Mzee, hasikii vizuri."

"Kila mtu ana mama. Rudi ukakae."

22 Julai

Sijampata. Nimezunguka maghala yote ya ngome ya nje, mazizi, karakana ya mizinga, kanisa dogo. Watu wamejaa kama samaki kwenye pipa.

23 Julai

Joto. Sijampata.

25 Julai, Ijumaa

Wamefika. Kutoka ukutani unaona mahema mpaka macho yanachoka. Wameteremkia kwenye majivu ya mji wetu na kupanga mizinga yao pale pale, nyuma ya kuta za kanisa la parokia, ambalo moto haukuliangusha. Basi tulichoma nyumba zetu kwa faida ya nani?

Nilimuuliza Merten swali hilo. Alitazama mikono yake.

"Usiniulize mimi," akasema.

27 Julai

Tunalala karibu na majirani zetu, Peczold mchinja nyama na mkewe Gese. Gese ni mtu wa maneno na kicheko hata sasa. Kwangu ni kama dada. Peczold naye alikuwa mcheshi, lakini tangu tuingie humu hanitazami usoni. Nikimpa mkate anapokea huku ameinama. Yeye na Merten walishika mienge pamoja siku ile, nadhani wanaona haya kwa sababu ya nyumba zetu.

Agnit anamlilia bibi yake. Leo Merten alimpakata.

"Bibi yako sasa hivi yuko chumba cha wagonjwa, kwa mabruda wazee. Anakula uji wa maziwa. Kuna dirisha la kioo chekundu, jua likiingia na uji unakuwa mwekundu."

"Anasema nini?"

"Anasema, huyu mpishi hajui kuweka chumvi."

Agnit akacheka. Nami nikacheka. Nilimpenda sana mume wangu wakati ule, kwa kutupatia kicheko mahali kama hapa.

31 Julai

Nimeingia ngome ya kati! Walitafuta wanawake wa kubeba mikate kwa askari, nikajipenyeza. Nilitua kapu tu nikauliza chumba cha wagonjwa kiko wapi, nikakimbia.

Mabruda wazee wamelala humo, na majeruhi wachache waliofika kutoka vitani. Madirisha ni ya kioo cheupe. Kwenye kona kulikuwa na mwanamke amejifunika shuka la kijivu, amegeukia ukuta. Nilipiga magoti nikamshika bega, nikasema kwa sauti kubwa karibu na sikio lake, kama tulivyozoea, "Mama, ni mimi." Akageuka. Alikuwa mfuaji nguo wa ngome, ana homa. Akanishika mkono hakutaka kuniachia.

Nilipomweleza Merten alisema, "Basi watakuwa wamempeleka ngome ya juu. Huko ndiko salama zaidi."

Nikamshukuru Mungu kwa kuwa kuna ngome ya juu.

3 Agosti

Mawe ya mizinga mchana kutwa. Vumbi la matofali kwenye uji.

6 Agosti

Vivyo hivyo. Watu wanazungumzia jiwe moja lililoingia kwa dirisha la ukumbi wa karamu wa Mkuu wa Shirika na kukosa ile nguzo ya katikati kidogo tu. Ukumbi mzima umebebwa na nguzo hiyo moja. Wanalisimulia kwa furaha, kana kwamba sisi ndio tuliorusha.

10 Agosti

Miji yote ya pande hizi imejisalimisha kwa mfalme, hata askofu mmoja. Tumebaki sisi. Maji ya kisima yana ladha ya chuma. Nzi ni wengi kiasi kwamba Agnit anakula huku amejifunika kichwa kwa sketi yangu. Watu wameanza kuhara.

15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni

Leo walitufungulia ngome ya juu ili tusikie misa. Sijawahi kufika humo maishani, ingawa nimezaliwa chini ya kivuli chake. Mama Maria yule mkubwa aliyesimama nje ya ukuta wa kanisa, mrefu kuliko nyumba, anayeng'aa kwa vipande vya kioo na dhahabu, tunamwona kutoka mashambani tangu utoto. Leo nilimpita kwa karibu na sikumtazama. Nilikuwa natazama nyuso za vikongwe.

Sikusikia neno moja la misa. Nilisimama mlangoni wakati wa kutoka, nikawapitisha wanawake wote mbele ya macho yangu mmoja mmoja. Wengine waliniuliza, "Vipi, dada, umepotelewa?" Nikawaambia, natafuta mama. Kila mmoja alinionyesha upande wake.

Wakati wa kurudi nilisimama kwa Bruda Wipert. Siku hizi amenizoea.

"Bruda, mkokoteni wa wagonjwa ulioingilia lango la kaskazini siku mji ulipochomwa, watu wake waliwekwa wapi?"

"Lango la kaskazini?" akakunja uso. "Binti yangu, lile tulilijaza mawe Ijumaa, siku moja kabla ya moto. Hata paka asingepita."

"Labda lilikuwa lango jingine."

"Labda," akasema. Kisha akasema, kwa upole ambao sikuutarajia, "Nenda kampumzishe mtoto."

Labda lilikuwa lango jingine. Mtu mwenye moshi machoni anaweza kukosea lango.

16 Agosti

Sikumuuliza Merten.

18 Agosti

Sikumuuliza.

22 Agosti

Peczold amekufa leo. Nitaandika yote, maana nisipoyaandika nitaanza kujiambia nimeyaota.

Alikuwa anahara damu tangu wiki iliyopita. Leo mchana Gese alikwenda kupanga foleni ya maji, akaniomba nikae na mgonjwa, nimfukuzie nzi. Mtu yule alikuwa na mabega ya kubeba ng'ombe, sasa amebaki mifupa ya shingo na macho.

"Mama Agnit," akaniita. "Sogea."

Nikasogea.

"Mimi ndiye niliyechoma paa lenu."

Nikamwambia najua mlichoma wote, ilikuwa amri, wala sikulaumu.

"Hujanielewa. Tulipewa mtaa wetu sisi wawili. Mimi nilianzia kisimani, Merten aanzie kanisani. Akamwambia bruda wa zamu, mama mkwe wangu yuko juu. Bruda akamwambia, mtoe upesi, urudi kazini. Akaenda. Mimi nikajua keshamtoa. Upepo ukageuka, cheche zikaruka. Nilipopita kwenu nikamkuta mlangoni."

"Anatoka naye?"

"Amesimama. Peke yake, mwenge mkononi."

Akafumba macho, nikadhani amelala.

"Mlango ulikuwa mzima," akasema tena. "Vidato vya chini vya ngazi naviona, vizima. Moshi ulikuwa huko juu. Nikamwuliza, Merten, ametoka? Kimya. Nikamwambia, basi ingia, mwanamume, ingia! Akanitazama kama ng'ombe anavyonitazama akiona kisu. Hakwenda mbele, hakurudi nyuma. Nikaona moto unashika ngazi, na yeye bado amesimama."

"Nawe?"

Akageuza uso.

"Nawe, Peczold? Wewe miguu yako ilikuwa na nini?"

"Mimi nilikimbia," akasema, machozi yakamtoka, sijui maji hayo yalitoka wapi katika mwili mkavu namna ile. "Ndiyo nakwambia. Niambie limekwisha, mama Agnit. Neno moja tu, limekwisha."

Nililowesha kitambaa nikampangusa midomo. Neno hilo sikuwa nalo. Gese akarudi na ndoo, akatukuta hivyo, akasema, "Asante, dada, una moyo wewe." Peczold alikata roho kabla ya sala za jioni.

Merten alisaidia kumbeba hadi shimoni. Alilia sana. Watu walisema, tazama alivyompenda rafiki yake.

23 Agosti

Sijamwambia kwamba najua.

25 Agosti

Leo Agnit akiwa amelala mchana, nilimwambia, "Nisimulie tena ule mkokoteni."

"Upi?"

"Uliomchukua mama."

Alinieleza. Nikamwuliza ulikokotwa na nini. Na farasi. Rangi gani? Mwekundu. Mama alikaa vipi? Alikaa amegeukia nyuma, amejifunika shuka lake.

"Alisema nini?"

"Alisema nikuambie usiache kula."

Mama hakuwahi kusema neno tamu namna hiyo maisha yake yote. Alikuwa mkali kama siki. Tukiumwa alitugombeza, na usiku wa arusi yangu aliniambia nimeolewa na mtu laini. Merten amemwacha mama akaungua, na sasa ananitungia mwingine, mpole, anayepunga mkono kutoka kwenye mkokoteni.

27 Agosti

Nimemwomba anisimulie tena. Farasi leo alikuwa mweusi.

28 Agosti

Tena.

29 Agosti

Tena. Alisema, "Alheit, nakuomba." Nikamwambia, "Unaniomba nini?" Tukakaa tukitazamana kwenye vumbi. Angesema saa ile, sijui ningefanya nini. Sijui hata sasa.

30 Agosti

Wanatafutwa wanaume wa kutoka na askari kuvamia mizinga ya adui. Merten alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Fundi wa mapipa, hajawahi kushika upanga.

31 Agosti

Amerudi. Hana hata mkwaruzo. Wenzake watatu wamebaki huko.

4 Septemba

Ametoka tena. Gese ameniambia, huku akijaribu kutabasamu katika vazi lake la ujane, "Una bahati, dada. Umeolewa na simba. Wangu alikuwa anaogopa hata panya."

Nikasema ndiyo.

Ninajua anachokitafuta huko nje. Anajifunga koti taratibu, ananiangalia, anangoja nimwambie usiende. Simwambii. Agnit ndiye aliyemng'ang'ania mguu leo, akilia baba, baba, ikabidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Nilimbandua mimi, kwa mikono yangu. Ninaandika hili nijue nilivyokuwa.

5 Septemba

Amerudi. Nilipomwona anaingia langoni, moyo wangu ulifanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na kila moja ni dhambi mbele ya jingine.

8 Septemba

Mvua. Bruda Wipert amefariki, tumbo hilo hilo. Nilikuwa nimemzoea.

12 Septemba

Kamanda amemsifu Merten mbele ya watu. Amempa kofia ya chuma. Amekuja nayo ameishika kama mtu aliyeshika chungu cha uji moto. Agnit ameivaa.

14 Septemba

Wanasema hata huko nje wanakufa kwa kuhara, na harufu ya farasi waliooza inatufikia upepo ukivuma. Wanasema watu wa Lithuania wameondoka. Wanasema. Mimi sitaki tena kusikia lolote.

19 Septemba, Ijumaa

Wameondoka.

Asubuhi mahema yalikuwa yanakunjwa. Kengele zote za ngome zinapigwa, watu wanabusiana, mabruda wanaimba wakiwa wamepiga magoti kwenye matope. Ngome haikuanguka. Haitaanguka milele, wanasema. Nilisimama katikati ya furaha yao na mtoto mgongoni, nikatafuta ndani yangu hata tone moja la furaha, sikupata. Mpaka jana nilikuwa na mahali pa kusema mama labda yuko. Ngome sasa imefunguliwa milango yote. Unaweza kuingia kila chumba.

20 Septemba

Tumeteremka mjini. Mtaa wetu nimeutambua kwa kisima tu.

Nilimwacha Agnit kwa Gese. Merten alitangulia, na mimi nyuma yake, bila neno. Alifika penye nyumba yetu, akatupa kofia ile ya chuma, akapiga magoti na kuanza kufukua majivu kwa mikono. Hakutafuta. Hakuanzia uani wala pale chumba cha juu kilipoangukia. Alifukua mahali pamoja, hatua chache kutoka mlangoni, chini ya ngazi.

Alikuwa hapo.

Mama, ambaye hakuweza kushuka ngazi, alikuwa ameshuka.

Merten alikaa chini kwenye majivu. Alisema bila kunitazama, "Alikuwa anashuka kwa makalio. Kidato kimoja kimoja. Niliona miguu yake kwenye moshi."

Nikangoja.

"Alikuwa ananiita. Si wewe, Alheit. Mimi. Merten, Merten. Hajawahi kuniita kwa jina tangu nikuoe."

"Ukasimama."

"Nikasimama." Kisha akainua macho. "Ulijua?"

"Peczold aliniambia."

"Tangu wakati ule?" Uso wake ulivunjika. "Na ukaniacha niseme yale ya mkokoteni? Kila siku?"

"Nilikuacha."

"Kwa nini hukunipiga? Kwa nini hukunitemea mate mbele za watu?"

"Na wewe kwa nini hukuingia?"

Tulimkusanya mama kwenye blanketi langu. Alikuwa mwepesi kweli. Tulimzika kando ya ukuta wa kanisa, hakukuwa na padri, wote walikuwa ngomeni kwenye shukrani.

24 Septemba

Gese ameniuliza bibi yake Agnit alipatikana wapi. Nimemwambia mjini. Hakuuliza zaidi. Nadhani anajua kitu. Nadhani sote tunajua vitu, na tutaishi mtaa mmoja.

30 Septemba

Agnit amemwambia baba yake amsimulie bibi na uji mwekundu. Merten alitoka nje. Nikasimulia mimi.

6 Oktoba

Kamanda ametoa mbao kutoka msitu wa Shirika kwa waliounguliwa. Baridi imeanza asubuhi. Ningekuwa na pa kwenda ningekwenda, lakini ndugu sina, na nchi nzima imeungua, na mtoto anamkimbilia yeye kila anapomwona. Usiku tunalala tukiwa tumemweka mtoto katikati.

11 Oktoba

Merten amesimamisha nguzo nne. Kutoka tulipo unaiona ngome yote, nyekundu, nzima, mafundi wameshaanza kuziba matundu ya mizinga. Nami nilikuwa nachambua misumari kwenye majivu.

Akaja akasimama mbele yangu na kamba ya kupimia.

"Mlango tuuweke upande gani?"

Ndilo neno la kwanza aliloniambia tangu juzi. Nikamwambia upande wowote. Hakuondoka. Aliendelea kusimama, kamba mkononi, akingoja.

"Weka miwili," nikasema.

Kisha aliinamisha kichwa, akaenda kupima wa kwanza, na alipomaliza akazunguka nyuma, akapima wa pili.